Ukifika Marekani serikali inakupa shilingi ngapi? Nawaandikia nilivyoziona hizo hela

Kila mwezi lazima niingiziwe voisi kwenye WhatsApp kutoka kambini, ya ndugu, ya jirani wa zamani au ya mtu tu aliyepewa namba yangu, na swali halibadiliki, "kaka, eti mkifika huko serikali inawapa shilingi ngapi?" Hata sahizi ambapo safari zimefungwa bado wanauliza. Na mimi kulijibu kwa neno moja huwa siwezi, maana ukimtajia mtu kiasi bila kumwambia kinapita mikononi mwa nani na kinaisha lini, utakua umemdanganya. Kwahiyo leo nimekaa nalimaliza, nawaandikia nyie wa makambi ya Nyarugusu, Kakuma, Nakivale na Dzaleka, na nyie pia mliokwishafika ambao mpaka leo hamjui ile hela yenu ya kwanza ilienda wapi.

Mimi ni mtu wa Fizi, Kivu ya Kusini, ila nimekulia Nyarugusu, pale Kasulu mkoani Kigoma, kambi iliyofunguliwa 1996 vita vilipotuvusha ziwa Tanganyika. Tulifika Phoenix, jimbo la Arizona, katikati ya 2016, mimi na mke wangu, watoto wetu wanne na mama yangu mzazi. Mwaka ule wa bajeti Marekani ilipokea wakimbizi karibu 85,000 na Wakongo ndo tulikua wengi kuliko taifa lingine lolote, zaidi ya 16,000. Nawaambia hivi ili muelewe kwamba sisi tulifika wakati mambo yanakwenda, ndege zinaleta watu kila wiki, makesiwoka, yaani wafanyakazi wa shirika wanaosimamia familia zinazofika, wamejaa ofisini, kwahiyo tulichokipata sisi ndo mfumo ukiwa mzima kabisa.

Sasa njia ya hela wakati wetu ilikua hivi. Hela ya kwanza ni ya mapokezi, ilikua inatoka wizara ya mambo ya nje kule Washington, na haiji kwako, ilikua inapewa mashirika makubwa ya kitaifa, wakati ule yalikua 9, mengi ya makanisa na mengine kama IRC na HIAS, alafu hayo yanashusha kwenye ofisi za mijini. Mfumo wenyewe uliwekwa na sheria ya 1980. Kwa kila kichwa, awe mzee awe mtoto wa mgongoni, ofisi ya mjini ilikua inapokea dola 1,125 za kutumia kwa ajili ya huyo mtu, na juu yake kiasi kingine kinachokaribia hicho cha kuendeshea ofisi, yaani mishahara, mafuta ya gari na mengineyo. Sisi tulikua 7, piga hesabu, dola 7,875. Ukiisikia ukiwa kambini unakula mgao wa unga unaona umeshatajirika.

Ila kuna kitu hamuambiwi kwenye yale mafunzo ya kabla ya safari, au mnaambiwa haraka haraka mkiwa mnawaza ndege. Kati ya ile 1,125, iliyokua lazima itumike kwako wewe ni 925, na zile 200 shirika lina ruhusa ya kuzihamishia kwa mkimbizi mwingine mwenye shida kubwa zaidi. Alafu hio 925 ndo inayolipa kila kitu kabla hujatua. Depoziti ya nyumba, kodi ya mwezi wa kwanza na mara nyingi wa pili, magodoro, vitanda, maana sheria inataka kila mtu awe na kitanda chake isipokua mke na mume na watoto wadogo, meza, viti, taa, sufuria, sahani, taulo la kila mtu, saa ya kuamshia, mpaka kifungulia makopo. Vyote vimeandikwa kwenye orodha na wakaguzi wanaifuata.

Tulivyoingia ile apatimenti usiku, nje joto kama mchana wa Kigoma na ilikua karibu saa sita usiku, tulikuta wali na kuku kwenye jiko bado vya moto, vimepikwa na mama mmoja wa kwetu aliyetangulia. Mama yangu alikaa akala akashukuru Mungu. Na hicho chakula nacho sio fadhila, kipo kwenye mkataba wa shirika na serikali, mgeni akute chakula cha kwao kilicho tayari. Nilikuja kuusoma huo mkataba baadae nilipoanza ukalimani na ndo nikajua ni mangapi ambayo watu wetu wanayaomba kwa kujikunja wakati ni haki yao iliyokwisha kulipiwa.

Kwenye jengo letu kulikua na wazee wa kwetu waliokua wanasema waziwazi kwamba shirika limekula hela zetu. Mimi sipendi kusema mtu ni mwizi bila kuona karatasi, kwahiyo nilimwomba kesiwoka wetu anipe mchanganuo wa familia yangu. Wanao, kila familia ina faili lake na kila dola inayotoka lazima iwe na risiti. Akaniprintia kurasa mbili, tukakaa na mke wangu mezani tukapitia mstari kwa mstari, kodi ipo, depoziti ipo, vitanda vipo, hela ya mkononi tuliyosainia ipo, alafu tukakuta sofa, imeandikwa dola zake. Lile sofa lililetwa na vijana wa kanisa, tulikuepo wakati wanalibeba kupanda nalo ngazi. Kitu cha kuchangiwa hakitakiwi kukatwa kwenye hela yako. Nilirudi ofisini nikasema kwa upole tu, wakaangalia, wakarekebisha na ile hela tukapewa ya vocha za basi. Sisemi walitaka kutuibia, yule dada alikua na familia nyingi kupita kiasi na vitu vinaingia stoo kwa wakati mmoja. Ila kama nisingeomba karatasi isingerudi. Mpaka leo mtu akija kuniambia hela zetu zimeliwa, namuuliza kwanza, umeshaomba mchanganuo? Una haki ya kuuona na huhitaji kugombana na mtu.

Ile hela ya mapokezi ni ya siku 90 za kwanza. Ndani ya hizo siku, wakati ule, shirika lilikua lazima likutembelee nyumbani ndani ya saa 24, liombe kadi yako ya soshal, ile ya namba ya hifadhi ya jamii, liandikishe watoto shule ndani ya mwezi, likupeleke kupimwa afya, likuunganishe na fudstempu, yaani msaada wa chakula wa serikali, na bima ya afya ya serikali. Hapo wengi wanafanya vizuri na mimi nawapongeza kwa moyo wote, hio kazi nimeiona ni ngumu. Shida inaanza baada ya hapo, maana kuanzia hapo hela zinagawanyika njia na ukiwa hujui uko kwenye njia ipi utakua unalinganisha bahasha yako na ya jirani na kulia bure.

Wakati wetu njia ya kwanza ilikua ile wanayoiita Matching Grant. Serikali kuu ilikua inatoa dola 2 kwa kila dola 1 ambayo shirika limechangisha lenyewe, hela au vitu au muda wa watu wa kujitolea, na wakati wetu serikali ilikua inatoa 2,200 kwa kila mtu. Familia inalipiwa kodi na kupewa hela ya mkononi kwa miezi minne au zaidi kidogo, na shabaha ni kwamba ndani ya siku 180 mjitegemee bila hela ya msaada. Nafasi zake zinahesabiwa na ni lazima uingizwe mapema, ndani ya mwezi wa kwanza hivi, ukichelewa basi. Njia ya pili ni kwa wasio na watoto wadogo, wao wanapewa hela ya kila mwezi ya wakimbizi, wakati ule ilikua miezi 8. Njia ya tatu ni familia zenye watoto ambazo hazikupata ile ya kwanza, hao wanapelekwa kwenye hela ya familia maskini ya jimbo, na hapa ndo ujue majimbo hayafanani hata kidogo, Arizona wakati ule familia ya watu 3 mwisho wake ulikua dola 278 kwa mwezi na hukuweza kuipata zaidi ya miezi 12 maisha yako yote. Dola 278 mjini Phoenix zilikua hazilipi hata nusu ya kodi. Kwahiyo familia mbili zimeshuka ndege moja, moja imeingizwa njia ya kwanza nyingine ya tatu, maisha yao mwaka wa kwanza hayafanani kabisa, na wote wanadhani shirika linampendelea mwingine.

Sisi tuliingizwa ile ya kwanza. Kabla ya siku 90 kuisha nilikua nimeshawekwa kazini kwenye sehemu ya kufulia mashuka ya mahoteli, kima cha chini Arizona mwaka huo kilikua dola 8.05 kwa saa, Januari 2017 kikapanda mpaka 10 baada ya wananchi kupiga kura. Kazi ilikua ya jioni mpaka usiku wa manane. Sio kwamba nilichagua, kwenye hio programu ukikataa kazi wanayoona inakufaa wanaweza kukuondoa na hela inakatika. Mke wangu alikua ananyonyesha mtoto wa mwisho kwahiyo hakulazimishwa kutafuta kazi, na yeye akatumia huo mwanya kwenda darasa la Kiingereza, asubuhi, mtoto mgongoni, basi mbili kwenda basi mbili kurudi, kwenye lile jua.

Leo angalia matokeo. Watu niliokua nafua nao mashuka, Wakongo, Waburundi, Wasomali, wengi wao wako kwenye kazi za aina ile ile mpaka sasa, migongo inauma, Kiingereza chao ni cha "yes boss". Mke wangu aliyekaa darasani karibu miaka miwili akapita kozi ya uuguzi msaidizi, akafaulu mtihani wa jimbo, na mshahara wake umeupita wa kwangu wa kufua kwa mbali. Mimi Kiingereza nilikipata kwa nguvu, simu sikioni ndani ya basi, na kwa sababu nilikua nimesoma kidogo kambini. Yule mama ambaye hakuwahi kuingia darasani Kongo wala Tanzania atakipataje akitoka kazini saa saba usiku na saa kumi na mbili asubuhi anaandaa watoto? Hapa ndo naona serikali inajipunja yenyewe. Inamkopesha mtu nauli ya kuja, inalipa nyumba, alafu inamkimbiza kazini kabla hajajua kusoma barua ya mwenye nyumba, ili kwenye ripoti iandikwe amejitegemea siku ya 180. Ripoti inapendeza ila mtu amekwama pale pale.

Na ndo maana niliumia sana na kilichofuata. Oktoba 2021 ile hela ya kila mwezi ya njia ya pili na bima yake ya afya viliongezwa kutoka miezi 8 mpaka 12, tukasema sasa wameelewa, mtu anapata mwaka mzima wa kujifunza. Haikukaa. Kuanzia Mei 5, 2025 imeshushwa mpaka miezi 4. Miezi minne, wengine wanakua hata kipimo cha macho cha leseni ya gari hawajafanya.

Kuna hela nyingine ambazo watu wetu wengi hawazijui kabisa na ndo ziliinua nyumba yangu. Huduma za kijamii za ofisi ya wakimbizi ya serikali kuu, ile ORR, yaani madarasa ya Kiingereza, kutafutiwa kazi bora zaidi, kufundishwa kuomba mkopo, mkimbizi anazo kwa miaka 5 tangu siku aliyoingia. Miaka mitano! Sio siku 90. Watu wakishapewa ile barua ya "kesi yako imefungwa" wanadhani mlango umefungwa, kumbe umefungwa mmoja tu, unaweza kurudi ukasema nataka programu ya ORR ya kazi, na kama ofisi ile haina, kuna nyingine mjini inayo. Alafu kulikua na akaunti ya akiba ya kuongezewa, unaweka hela yako kidogo kidogo benki, unahudhuria mafunzo ya hela, mwisho serikali inakuongezea dola kwa dola mpaka 2,000 kwa mtu mmoja na 4,000 kwa kaya, ila lazima ununue kitu kinachokusogeza kama gari la kwendea kazini, masomo, biashara au depoziti ya nyumba ya kununua. Sisi tulinunua Toyota iliyotumika. Wanaoijua Phoenix wananielewa, mji umetandaa, basi za usiku chache, shifti nzuri zote zinaanza au kuisha wakati basi hakuna. Lile gari lilinitoa kwenye kufua mashuka, nikaweza kwenda kliniki tatu tofauti kwa siku kutafsiri. Kwangu mimi hakuna hela ya serikali iliyofanya kazi kuliko ile, na sababu naijua, nusu ilikua jasho letu na hakuna aliyetukimbiza.

Msisahau pia deni la ndege. Ile karatasi mnayosaini kabla ya safari ni mkopo, hauna riba, na unaanza kulipa karibu miezi 6 baada ya kufika. Familia ya watu 7 ni maelfu ya dola. Barua zinakuja kupitia shirika lililokupokea, na robo ya kinachokusanywa inabaki kwao. Lipeni hata kidogo kidogo, kama mwezi huu huna piga simu uombe wakupunguzie, wanakubali, na ukilipa vizuri inakujengea historia ya mkopo ambayo baadae ndo inakupa nyumba na gari.

Jumuiya yetu ya Wakongo tuliianza kama watu wa misiba na harusi, kuchangishana, kusafirisha mwili, basi. Ila kila tukikutana watu wanatoa barua mfukoni. Siku moja mama mmoja mjane akaja na mfuko wa plastiki wa supamaketi umejaa bahasha hazijafunguliwa, za miezi mingi, akaziweka juu ya meza akasema, "wanangu nisomeeni, mimi nimechoka kuziogopa." Tukaanza kufungua. Matangazo ya bima za magari, mengi sana. Barua ya shule, mtoto anadaiwa chanjo. Bili ya hospitali ambayo bima ya serikali ilitakiwa kuilipa ila hospitali waliandika jina vibaya. Deni la ndege. Na katikati ya hayo matangazo kulikua na barua ya fudstempu, fomu ya kujaza upya, tarehe ilishapita. Huyu mama alikua ameishi wiki kadhaa kwa kukopa unga kwa majirani akidhani serikali imemkasirikia, wakati kilichokatika ni fomu moja tu. Nilitoka nje kidogo nikajizuia nisilie mbele ya watu.

Tangu hapo Jumamosi ikawa siku ya barua. Vijana wa high school wanaosoma Kiingereza vizuri wanakaa mezani, wazee wanakuja na bahasha, tunafungua, tunasoma, tunapiga simu, tunaweka kwenye faili la kila nyumba. Tukasema sasa tuombe ruzuku, maana serikali inazo hela hasa kwa ajili ya vyama vya wakimbizi wenyewe. Na hapa nataka kuwaambia viongozi wa jumuiya ukweli wa hio safari. Kwanza lazima msajiliwe kwenye jimbo, mpate namba ya kodi, alafu hadhi ya shirika lisilo la faida, ile 501(c)(3), alafu usajili kwenye SAM.gov, tovuti ya serikali kuu ya wanaoomba ruzuku, upate namba yao ya utambulisho, na uuhuishe kila mwaka. Hayo yote bado hujaandika hata sentensi moja ya kuomba hela. Alafu ukishinda, ruzuku nyingi mnatumia kwanza hela zenu, mnapeleka risiti, mnarudishiwa baadae. Jumuiya ya watu wanaofua mashuka itatoa wapi dola elfu ishirini za kutanguliza? Kwahiyo tuliingia chini ya shirika kubwa, wao wanabeba mkataba na serikali, sisi tunapewa kipande cha kazi. Ilisaidia, tulilipa vijana wawili na tukakodi ukumbi.

Lakini fomu za ripoti zilikua zinauliza watu wangapi wameandikishwa, wangapi wamepata kazi, kwa saa shilingi ngapi, wako kazini siku ya 90? Hakuna mahali pa kuandika mama fulani leo amesoma barua ya shule mwenyewe na kaipigia shule simu mwenyewe. Niliwaambia kwenye mkutano kwamba hicho ndo kipimo, mtu asipoihitaji tena Jumamosi yetu ndo tumefaulu, na walinisikiliza vizuri, walikua watu wema, ila fomu inatoka juu. Naendelea kulisema hili kila nikipata nafasi. Vyama vya wenyewe ndo vinabaki na watu siku 90 zikishapita, lugha wanayo, wanajua nani ana msiba na nani mume kamkimbia, na bado kwenye mgao wa hela ndo wa mwisho na wanapata kidogo kuliko wote. Wapewe sehemu ya hela kabla ya kazi na wapewe mkataba wa miaka kadhaa sio wa miezi.

Tuliona umuhimu wake Januari 2025. Tarehe 20 rais mpya alisaini amri ya kusimamisha upokeaji wa wakimbizi, na tarehe 24 mashirika yakapewa barua ya kuacha kazi ya mapokezi, hata kwa wale waliokua wameshafika na bado wako ndani ya siku zao 90. Kulikua na familia hapa zimetua mwezi huo huo. Kodi ya pili haijalipwa, kadi ya soshal haijaja, watoto hawajaanza shule, na kesiwoka anawapigia simu anajikaza kuwaambia hajui kama wiki ijayo ana kazi. Jumuiya ikachanga, makanisa yakachanga, msikiti mmoja ukaleta mchele na mafuta, tukagawana familia za kuwapeleka ofisini kwa magari yetu. Hakuna aliyelala nje kati ya hao tuliowafikia. Kule Nyarugusu mtoto wa mama mdogo alikua ameshagawa masufuria, ameshauza baiskeli na mbuzi, jina lake lipo kwenye ndege, safari ikafutwa. Mpaka leo yuko pale na familia yake na vitu alivyogawa anaona aibu kuvidai. Kwa mwaka wa bajeti wa 2026 wameweka kikomo cha watu 7,500 tu, na wameandika kwamba nafasi nyingi ni za wazungu wa Afrika Kusini. Ndugu zangu msiuze chochote sasa hivi kwa sababu ya tetesi, na mtu akikuambia ukimlipa atakuingiza kwenye orodha, huyo ni tapeli, hii prosesi hailipiwi.

Na kwa waliokwisha ingia kuna jambo lingine zito. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imewatoa wakimbizi kwenye fudstempu mpaka wawe na grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, na grini kadi unaomba baada ya kukaa mwaka mmoja. Maana yake ule mwaka wa kwanza, ambao ndo mtu hana kitu kabisa, ndo hana chakula cha serikali. Bima ya afya nayo wanaibana kuanzia Oktoba 1, 2026. Sijui nani alikaa akaona hio ni sawa. Kwahiyo mkimaliza mwaka msikae, ombeni siku hio hio, ada ya fomu mkimbizi halipi, msikubali mtu awatoze dola mia tano kwa kujaza fomu ambayo mashirika mengi yanaijaza bure.

Wenye wazazi wazee nawaomba hili kwa msisitizo. Ile hela ya SSI ya wazee na walemavu, mkimbizi anapewa miaka 7 tu, baada ya hapo inakatika kama hajawa raia. Mama yangu aliingia 2016, mwisho wake ulikua 2023, na hajui kusoma hata Kiswahili. Tulianza kujipanga mapema, daktari wake akajaza fomu N-648 ya kuomba asamehewe mtihani wa Kiingereza na uraia kwa sababu za kiafya, uraia tukaomba mara tu miaka 5 ilipotimia, na aliapa hela ikiwa bado haijakatika. Nimewaona wazee wawili hapa waliochelewa na hela imekatika, wanarudi kuwategemea watoto wanaolipwa kwa saa. Tarehe ya kuingia ipo kwenye I-94 ya mzee wako, ile karatasi ya kuingilia nchini, itoe uiangalie leo, hesabu miaka 5 ya kuomba uraia na 7 ya mwisho wa SSI, ziandike ukutani.

Ile ruzuku yetu kipande ilishaisha na tumeomba nyingine ya mji, bado tunasubiri. Vijana wanaendelea kwa kujitolea, kila Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi. Njooni na barua hata kama tarehe yake imepita, fomu ya fudstempu ukiirudisha ndani ya siku 30 tangu wafunge mara nyingi inafunguliwa tena bila kuanza maombi upya.